Maswali yenu: Dolly Parton, Whitney na ile nusu ya wimbo

Maswali ya muziki wa kantri yamejaa, na mengi ni ya Dolly Parton, yule muimbaji na mtunzi wa Marekani. Nachukua machache.

Anko, kwa nini Dolly aliimba upya wimbo wa Whitney Houston, si angetunga wa kwake? (Morogoro)

Jamani! Hili nishalijibu mpaka nimechoka. I Will Always Love You ni wa Dolly, kautunga 1973, ukatoka 1974 ukashika namba moja kwenye chati ya kantri, akaurekodi tena 1982 ukashika tena namba moja. Whitney kaja 1992 na ile filamu ya The Bodyguard. Na wala humo Dolly hamuagi mpenzi, anamuaga bosi wake Porter Wagoner, aliyemwingiza kwenye kipindi chake cha TV 1967, sasa binti anataka kwenda kujitegemea, mzee hataki hata kusikia, kila wakiongea ni ugomvi, basi akaenda nyumbani akatunga, akarudi akamwimbia palepale ofisini. Mzee akalia, akamwachia. (Baadaye akamshtaki, lakini hiyo habari nyingine.) Na nyie ma-MC mnaoupiga maharusi wakikata keki, sikilizeni maneno kwanza, huyo mtu anafunga virago.

Ni kweli alimnyima Elvis wimbo huohuo? Mi naona ni kiburi tu. (Mombasa)

Elvis mwenyewe aliutaka na mambo yalishaiva. Aliyeharibu ni meneja wake, Kanali Tom Parker, aliyepiga simu dakika za mwisho kusema utaratibu wao ni kwamba Elvis akirekodi wimbo, nusu ya haki za utunzi inahamia kwao. Dolly kasimulia mara nyingi kwamba alilia usiku kucha, manake nani hakutaka kuimbwa na Elvis enzi hizo? Lakini hakusaini. Whitney alipoutoa ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na fungu la mtunzi halikuwa na Kanali wa kugawana naye. Kama hicho ni kiburi basi mnigawie na mimi.

Elewa kitu kimoja, muimbaji ana hela yake na mtunzi ana yake, redio ikipiga, nakala ikiuzwa, mwingine akiurudia, mtunzi anahesabiwa. Sasa hawa vijana wetu, prodyuza kakupa biti kwa bei poa, unashangaa kwenye karatasi naye kaandikwa mtunzi, na hata kiitikio hakijui! Mi mwenyewe 2009 nilimwandikia msanii mmoja beti mbili na kiitikio kwa chipsi mayai na nauli ya daladala. Wimbo ukapigwa baa zote za Sinza, mi nimekaa kona na soda yangu nausikiliza kama mgeni.

Ule wimbo wa Islands in the Stream alioimba Dolly na Kenny Rogers, nani kati yao aliutunga? (Nakuru)

Hakuna hata mmoja, ni kundi la Bee Gees.

Jolene wa kwenye wimbo wa Dolly alikuwa mtu kweli? (Zanzibar)

Watu wawili. Jina ni la katoto ka kike kalikokuja jukwaani kuomba saini, nywele nyekundu, macho ya kijani, Dolly akalipenda akawa analirudiarudia asilisahau. Kisa chenyewe ni cha dada wa benki aliyekuwa akimchangamkia mumewe Carl, na Dolly anatania kwamba jamaa alikuwa haishi kwenda benki wakati hela zenyewe hawakuwa nazo. Carl hakuondoka, walikaa pamoja toka 1966 mpaka alipofariki Machi 2025. Nachopenda mimi, Dolly hamtukani mwenzie, anamsifia nywele, ngozi, sauti, halafu anamwomba amwachie mume. Mipasho ya kwetu ingemrarua yule dada mpaka kwao.

Natunga ila sina gita wala studio, nianzeje? (Dodoma)

Dolly kazaliwa 1946 milimani Tennessee, nyumba ya chumba kimoja, watoto kumi na wawili yeye wa nne, daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Baba hajui kusoma. Ile Coat of Many Colors, ya koti la viraka alilomshonea mama yake akaenda kuchekwa nalo shule, aliiandika ndani ya basi la ziara, na kwa kukosa karatasi akachukua risiti ya dobi ya Porter. 9 to 5 aliianzia kwenye seti ya filamu kwa kugonganisha kucha zake za bandia, zinalia kama taipureta. Kucha hizohizo zikaingia mpaka kwenye rekodi. We unaniambia gita?

Naomba namba nikutumie nyimbo zangu WhatsApp uzipitie. (Mwanza)

Usinitumie, wala usimtumie mtu yeyote. Peleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza zisajiliwe kwa jina lako, halafu ndo uje tuongee.