Mume Ananipa Mia Tano kwa Siku, Mama Mkwe Ndiye Mweka Hazina

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Kayole, Nairobi, na nafanya kazi ya ukarani Industrial Area. Mshahara wangu ni 32,000. Benki iliniruhusu kutoa pesa kupita salio langu, na mwaka jana nikajikuta nimepitisha kama 8,000 hivi kwa mahitaji ya nyumba. Tangu hapo makato hayaishi. Mshahara ukiingia unamezwa, nafuliza, yaani nakopa kwenye M-Pesa, ndipo nipate nauli, na nikitumiwa pesa zinakatwa. Benki imeninyonya.

Mume wangu ni fundi wa stima. Badala ya kunisaidia, ameacha kunitumia pesa. Kodi anamlipa landilodi mwenyewe, karo anapeleka shuleni mwenyewe, na mimi ananipa 500 kila asubuhi kama mtoto. Mbaya zaidi, mama yake alikuja kutoka Machakos mwezi wa tatu, siku hiyo kukawa na tatizo dogo la mlango, na tangu hapo hajarudi kwao. Pesa za sokoni anazishika yeye, amezifunga kwenye pindo la leso. Nikiuliza ananijibu, "Kula kwanza, mwanangu." Nyumba yangu sasa ina wakubwa wawili na mimi simo.

Hata ndugu yangu mdogo, ambaye mambo yake hayajakaa sawa na hunipigia simu kila Jumamosi, siwezi tena kumsaidia. Deni lote sasa ni kama 46,000. Nifanye nini ili mama mkwe aende kwao na mume wangu aniheshimu?

Mama Wawili, Kayole

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuamka asubuhi ukakuta mshahara wa mwezi mzima umeingia usiku na kutoka usiku huohuo, hujaushika hata kwa macho, ni uchungu ninaoujua. Lakini pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma inanipa hesabu nyingine.

Ulipoanza kuandika, deni lilikuwa 8,000. Ulipofika kwenye jina lako lilikuwa 46,000. Katika ukurasa mmoja! Hata shailoki hatozi hivyo.

Tuanze na huo mlango. "Tatizo dogo la mlango," umeandika, kisha ukakimbia kama anayepita nyumba yenye mbwa. Mimi nimeishi Eastlands miaka mingi, na najua tatizo la mlango mwezi wa tatu ni tatizo gani. Mumeo alikuwa akikutumia kodi kwenye simu ili wewe umlipe landilodi. Laini yako ilikuwa na deni la kufuliza, na pesa ikiingia kwenye laini ya namna hiyo, deni hujilipa kwanza, wewe ukaachiwa makombo. Kodi ikaingia, ikaliwa. Hukumwambia mtu. Ukasema mwisho wa mwezi utaziba pengo, na mwisho wa mwezi benki nayo ikachukua yake. Keateka, mwangalizi wa nyumba za landilodi, akaleta kufuli mlangoni. Na siku hiyohiyo mama wa watu akateremka Machakos Country Bus na mzigo wake wa mbaazi, akatafuta matatu ya Kayole, akakukuta umesimama nje na watoto.

Kama nimekosea, niandikie unisahihishe.

Sasa nikuulize swali ambalo barua yako imelizunguka. Kufuli lilifunguliwa na nani? Mumeo alikuwa ameshatoa kodi mara moja, na fundi wa stima hana kodi mbili kwa mwezi. Wewe hukuwa na kitu. Umeniambia mama hajarudi kwao. Hukuniambia nauli yake ya kurudi ilienda wapi, wala zile alizopata kwa kuuza mbuzi au mahindi kule nyumbani. Mimi naona mwanamke aliyekuja kusalimia wajukuu akajikuta analipa kodi ya nyumba ya watu wawili wenye mishahara, na jioni yake akaona pesa za sokoni zifungwe kwenye leso. Mimi ningezifunga kwenye leso mbili. Na huyo unayemwita mkubwa wa nyumba, ukimuuliza pesa, anakwambia ule kwanza! Wako wakwe ambao wangeita kikao cha ukoo.

Tuje kwa benki iliyokunyonya. Nitakusimulia yangu, nawe usicheke.

Mwaka wa 1994 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilitamani makochi. Nikaenda Gikomba, nikapatana na fundi, nikamwandikia hundi tatu za miezi mitatu. Ya kwanza ilipita. Ya pili ikarudishwa, na fundi, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kichwani, akaja nayo hadi chumba cha walimu ameiinua juu kama bendera. Nilikimbilia benki. Siku hizo hakukuwa na ujumbe wa simu. Taarifa ya akaunti ilikuja kwa posta, ukibahatika. Meneja akafungua faili, akanionyesha tarakimu. Nikaona elfu sita na kitu. Nikamwambia kwa sauti ya kudai haki yangu, "Si hizi hapa pesa zangu?" Akaniwekea kidole kwenye kistari kidogo mbele ya tarakimu, ambacho mimi nilidhani ni wino umemwagika. "Mwalimu," akasema, "hiki kistari ndicho habari yenyewe."

Elfu sita hizo nilikuwa nadaiwa. Nilikuwa nimetoa nisichokuwa nacho, mwezi baada ya mwezi, nikidhani bado nakula changu. Na hundi iliyorudi nayo ikatozwa faini yake. (Siku hizi ningeweza kuona mengine: kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayetoa hundi bila pesa kwenye akaunti anaweza kutozwa hadi 50,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Fundi wangu aliridhika na kuyabeba makochi yake.)

Kwa hiyo benki haikukunyonya, mwanangu. Benki iliacha mlango wazi na wewe ukaingia na kapu. Ovadrafti, huko kutoa kupita salio, ina ubaya mmoja: haina sura ya mkopo. Mkopo unaujazia fomu, unaulizwa wa nini, unapewa tarehe. Hii unaenda kwenye mashine, unabonyeza, noti zinatoka zikiwa mpya kama za mshahara. Hakuna anayekuuliza, wala wewe hujiulizi. Halafu mshahara ukija unaenda kuziba shimo la mwezi uliopita, na kwa sababu umebaki bila kitu, unachimba lingine siku ileile.

Kisha ukaongeza kufuliza juu yake. Sisi tuliosoma Kiswahili cha zamani tunajua kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kupumzika. Huduma ya Fuliza ilipoanza Januari 2019 nilicheka peke yangu jikoni. Lakini tupige hesabu, maana wewe ni karani na hesabu unaijua. Ukifuliza 3,000, kuna asilimia 1 ya kuingilia, kama shilingi 30, kisha 25 kila siku. Ukikaa nalo siku 30, hizo ni 750. Na jirani yako aliyefuliza 30,000 naye analipa 25 hizohizo kwa siku. Anayeumia zaidi ni wewe wa elfu tatu. Linganisha na Hustler Fund ya serikali, iliyoanza Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka: riba ya 3,000 kwa mwezi ni kama shilingi 20 tu. Sisemi ukakope huko. Umeshakopa vya kutosha. Nakuonyesha tu kwamba hizo za kufikia kazini ndizo pesa ghali kuliko zote ulizowahi kushika.

Sasa hayo "mahitaji ya nyumba." Kodi inalipwa na mume. Karo, mume. Stima, sidhani fundi wa stima anamwachia mkewe anunue tokeni. Tumebaki na unga na sabuni. Mshahara wa 32,000 uliomezwa na unga na sabuni hadi ukazaa deni la 46,000? Mwanangu, mimi ni mzee lakini si mgeni.

Mwishoni kabisa, pale mtu anapodhani msomaji amechoka, ndipo ukamleta ndugu yako. Mambo yake hayajakaa sawa. Hupiga simu kila Jumamosi. Nimekaa na hilo neno Jumamosi muda mrefu. Mtu mgonjwa huumwa hata Jumanne. Njaa haina siku. Kodi ni mwisho wa mwezi. Ni shida gani inayobisha hodi kila Jumamosi, kabla mechi za Uingereza hazijaanza jioni? Unajua, ndiyo maana sentensi hiyo umeikata katikati. Kijana anacheza kamari, na wewe ndiye benki yake. Tofauti ni kwamba yeye ovadrafti yake haina makato.

Na hapo ndipo ninapokuelewa kidogo, maana mdogo wako ni mdogo wako. Ulianza kumwokoa mara moja, ukaona aibu kumwambia mumeo, ukatoa benki. Ukafuliza kuficha ya benki. Ukala kodi kuficha ya kufuliza. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na kufuli, umepata nafuu.

Hebu nitoke kwako kidogo nizungumze na wengine wanaosoma haya, maana Kayole si peke yake. Ndoa za siku hizi Nairobi zinanishangaza. Watu watapigania kujua namba ya siri ya simu ya mwenzao, watalia usiku kucha kwa sababu ya ujumbe wa "mambo vipi," lakini ukiwauliza salio la mwenzao, wanatazama dari. Mume ana laini tatu. Mke ana vyama vinne vya akiba na viwili havijulikani nyumbani. Wanaume, msifurahi: wengi wenu hati ya mshahara mnaificha kama hirizi, mke hajui kama mnapata elfu thelathini au tisini, kisha mnashangaa naye akianza kuwa na mashimo yake. Harusi inafanywa kwa kamati ya watu arobaini na mchango wa kila mtu hadi bosi wa shangazi, picha zinapigwa, mbele ya padri wanaahidiana shida na raha. Shida yenyewe ikija na kistari mbele yake, kila mmoja anajifungia chooni na simu yake. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo mnayafanya kila mmoja peke yake ndani ya kitanda kimoja. Mimi deni la makochi yangu nililificha miezi miwili. Marehemu mume wangu alipojua hakupiga kelele. Aliuza redio yake ya kaseti, akalipa benki, akakaa wiki nzima akipiga mluzi nyimbo alizozoea kuzisikiliza. Ule mluzi uliniuma kuliko matusi.

Haya, turudi Kayole.

Mama mkwe haendi popote kwanza. Atakwenda ukimlipa. Muulize alitoa ngapi siku ya kufuli, na usimuulize mbele ya mwanawe. Akikataa kutaja, na atakataa, mumeo anajua kodi ya nyumba ni ngapi.

Mwambie mumeo 46,000 yote kwa mkupuo mmoja, pamoja na Jumamosi za ndugu yako. Usianze na 8,000 kama ulivyoanza nami. Atakasirika, ana haki. Hizo 500 za kila asubuhi, nakubali si heshima kwa mwanamke anayefanya kazi, na nitamwambia hivyo akiniandikia. Lakini ni mtu aliyetuma kodi akaletewa kufuli, na mia tano ndiyo pesa anayojua haiwezi kumezwa kabla ya jioni.

Benki nenda mwenyewe, kwa miguu, si kwa simu. Waambie wafunge ruhusa ya kupitisha salio, na kile unachodaiwa wakigeuze kiwe mkopo wa kawaida wenye kiwango kimoja cha kila mwezi na tarehe ya mwisho. Utalipa riba, lakini utajua inaisha lini. Deni la laini limalize, kisha ujiondoe kwenye kufuliza. Utatembea kwenda kazini siku mbili tatu. Kayole hadi Industrial Area si mbali sana kwa mwenye viatu vya raba. Na uombe ripoti yako ya CRB, wale wanaoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Mara moja kwa mwaka ni bure, ujue jina lako limeandikwa wapi.

Ndugu yako akipiga simu Jumamosi hii, mpe mama mkwe aipokee.

Heshima ya mumeo itakuja polepole, mimi siwezi kukuandikia tarehe. Ukiniandikia tena, anza na salio. Na usisahau kistari chake.