Nenda Chole, Mafia
Dada, umeuliza kijiji cha pwani kilichotulia, chenye mambo ya asili na utamaduni. Mimi nasema Chole, kisiwa kidogo upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, Tanzania. Unavuka kwa mashua kutoka kijiji cha Utende, Mafia. Kaa na mafundi wa majahazi uone wanavyotoboa mbao kwa keekee na kukalafati, yaani kuziba, nyufa kwa pamba, taratibu, ubao kwa ubao. Asubuhi nzima itakuishia hapo. Jioni tazama popo wakubwa wakitoka mitini kwenda kutafuta matunda. Kuna na magofu ya enzi za Wajerumani, mizizi imeyakumbatia. Ukienda kati ya Oktoba na Februari, pitia mji wa Kilindoni, Mafia, ukaogelee na papa potwe, wale papa wakubwa wapole. Khanga ya kujitanda kijijini usiisahau, tafadhali.