Maswali na majibu: ukoko kwenye tando za kusafishia maji

Barua za mara hii zimetoka kwa wauzaji wa maji ya chupa na ya vifuko hapa Lubumbashi, na moja imetoka kiwandani. Mashine inayoulizwa ni ya osmosisi kinyume: pampu husukuma maji kwenye utando mwembamba, maji safi yakapenya, na yale yaliyobaki na chumvi yakatokea bomba la kutupia.

Maji ya kisima chetu huacha ukoko mweupe kwenye birika. Je, ukoko huo unaweza kuota ndani ya mashine, ilhali humo hatuchemshi kitu? (Mama muuza maji, Kenya, yaani komini yetu, si nchi)

Unaweza, Mama, na wala hauhitaji moto. Visima vingi vya eneo letu vimechimbwa katika miamba ya dolomiti, ambayo huyapa maji kalisi na magnesi. Kwenye birika joto hufukuza gesi ya kaboni, na chokaa ikaganda. Kwenye mashine ni msongamano unaoleta balaa: ukivuna lita 75 safi katika kila lita 100, chumvi karibu yote ya lita 100 husongamana katika lita 25 zinazotupwa, yaani maji hayo huwa mazito kwa chumvi mara 4. Juu ya utando wenyewe huzidi hapo, kwa kuwa maji yanayopenya huziacha chumvi zimerundikana mlangoni, na mkondo ukiwa hafifu hakuna wa kuzifagia. Ukishusha uvunaji hadi lita 50, uzito huwa mara 2 tu. Najua kumwaga maji kunauma, lakini kununua utando mpya kunauma zaidi. Ipo pia dawa ya kuzuia fuwele, ambayo kwa kawaida hutiwa miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Hujishika kwenye fuwele changa na kuzizuia zisikue. Dawa hiyo inachelewesha, haiondoi.

Umeme hukatika kwetu kila mara, na fundi anadai ndio unaotuharibia utando. Ni kweli? (Ruashi)

Fundi wako anaijua kazi yake. Pampu ikiwa inazunguka, maji mazito hupita upesi na kutoka kabla fuwele hazijapata nafasi. Ikisimama ghafla, maji yaleyale hubaki yametulia juu ya utando, na muda ambao dawa ilikuwa imewanunulia unakwisha. Nimeona kwa muuzaji mmoja pipa la lita 200 lililojazwa maji safi ya mashine na kupandishwa juu ya mabati, likiwa na mrija na koki. Umeme ukikatika, kijana hufungua koki na kuyaacha maji yashuke yenyewe hadi yanayotoka kwenye bomba la kutupia yawe karibu sawa na yaliyo pipani. Sijaona kinga rahisi kuliko hiyo.

Tunachuja maji yanayotoka kwenye uchenjuaji wa shaba. Tumeosha tando kwa asidi ya ndimu mara mbili, bila mabadiliko. Tuongeze nguvu ya asidi? (Mfanyakazi wa kiwanda)

Msiongeze, Bwana. Uchenjuaji wenu hutumia asidi ya salfa, kisha chokaa hutiwa ili kuizima. Salfati inayotoka kwenye asidi hiyo ikikutana na kalisi huzaa jasi, ambayo huyeyuka gramu 2 na ushei tu katika lita moja ya maji. Asidi ya ndimu huila chokaa, lakini jasi karibu haiijali. Fungueni utando wa mwisho, upande wa maji ya kutupwa, mkwangue ukoko kidogo kwenye kisahani na kuudondoshea asidi. Ukitoa povu, kuna chokaa; ukinyamaza, na lenzi ikaonyesha vijiti kama sindano, shukuni jasi. Pimeni pia uzito wa tando: fuwele huulemea ule wa mwisho, ilhali tope na ute (utelezi unaotengenezwa na vijidudu) huanzia kwenye ule wa kwanza. Kwa jasi changa, tumieni maji ya kuoshea ya alkali yenye EDTA (kemikali inayoshika kalisi), bila kuvuka kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, alichoweka mtengenezaji, na muuache utando uloweke kwa saa kadhaa. Jasi iliyokomaa mara nyingi haitoki, na hapo sabuni ni hasara tu. Kwa maoni yangu, pesa hiyo iende kwenye tangi la kabla ya tando: tieni humo chembe za jasi na kuzikoroga, kwani fuwele hupendelea kukua juu ya fuwele iliyokwisha kuwapo, na mzigo utabaki tangini.

Utando umeshika ute. Niumwagie klorini? (Katuba)

Hapana. Tando nyingi ni za poliamidi, aina ya plastiki, na klorini huzila. Klorini itumike mapema, kisha iondolewe kwa mkaa amilifu (mkaa uliotayarishwa maalumu kwa kuchujia) kabla ya maji kuufikia utando. Ute uliokwisha kushika uoshwe kwa alkali kwanza, asidi ifuate; ukianza na asidi unaweza kuukaza.

Tangu Juni mashine inatoa maji kidogo asubuhi. Imeziba? (Kampemba)

Huenda ni baridi tu. Maji yaliyolala kwenye tangi la juu usiku wa kiangazi huwa mazito kupenya, na kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoshuka hupunguza mavuno kwa takriban asilimia 3. Kabla ya kuosha chochote, subiri hadi saa nane mchana, upime joto la maji na mavuno kwa shinikizo lilelile.