Yule mbwa anayejificha nyuma ya kizimba: nilivyomchukua wangu

Dada mleta mada, habari za jioni. Nimesoma ulichoandika mara mbili ndipo nikaanza kujibu. Umesema mlikwenda kwenye kituo cha mbwa waliookotwa mitaani, mkamwona mmoja wa miezi kama kumi, rangi ya udongo, amekaa kona ya nyuma amewapa mgongo wakati wenzake wote wanarukia wavu. Watoto wakampenda huyohuyo. Mumeo anasema mwoga kama yule hawezi kulinda nyumba, bora mnunue kitoto cha mbwa wa kizungu. Mama mkwe anaishi nanyi, ni mtu wa swala tano, hataki mbwa amguse. Na humu ndani wengi wamekujibu kwa mstari mmoja: achana na koko.

Mimi nimeishi na koko tangu 2019, hapa Arusha. Naomba nikueleze nilichokipitia.

Nianze na kitoto cha kununua, maana nami ndipo nilipoanzia. Muuzaji aliniambia ana wiki tisa na ameshachanjwa. Kadi hakuwa nayo, akasema ataileta. Siku ya nne nyumbani kikaacha kula, usiku kikaanza kutapika, asubuhi kinaharisha damu yenye harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka tumbo linageuka. Daktari wa mifugo alifika, akatundika maji, tukakesha nacho jikoni nimekifunika kanga. Kikafa siku ya tatu ya kuugua. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua vitoto vya mbwa. Binti yangu alikuwa na miaka saba, ndiye aliyekuwa anakishika kichwa.

Daktari akaniambia jambo ambalo sikulijua: kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo wa uani miezi mingi, hata mwaka. Nikileta kitoto kingine kisicho na chanjo kamili, nitazika tena. Vitoto huanza kuchanjwa wakiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wafikishe wiki kumi na sita. Kabla ya hapo wako hatarini. Akanishauri nikamtafute aliyekwisha vuka umri huo, mwenye kadi. Ndiyo maana nikaenda kituoni. Kwa hiyo mumeo anapoona miezi kumi ni umri mkubwa mno, mwambie mimi naona ndio umri mzuri. Kama kadi yake iko sawa, chanjo za utotoni kamaliza, meno yote arobaini na mawili yameshatoka kwa hiyo hatatafuna miguu ya meza kama kitoto, na kimo chake unakiona kwa macho. Kitoto unauziwa ahadi.

Sasa huyo wa kona ya nyuma.

Wangu niliyemkuta alikuwa nyuma ya beseni la maji, amejikunja, pua ameificha chini ya mkia. Mweusi tii, kituoni wakamwita Kaniki. Kijana anayewalisha akaniambia ana miezi mitano pale na watu wanampita tu. Mweusi, dume, hana mbegu ya kujivunia, tena mwoga. Wapo hata waliosema mbwa mweusi usiku ni mambo ya kishirikina. Nikainama kumtazama vizuri, nikaona shingoni ana mstari usioota manyoya, umezunguka shingo nzima kama cheni. Aliwahi kufungwa kamba akiwa mdogo, akakua, kamba ikabaki palepale. Walipomwokota sokoni ilikuwa imeshazama kwenye nyama.

Nilitaka kuingia nimshike. Yule kijana akanizuia. Akasema, "Kaka, ingia ukae chini, mpe mgongo, usimtazame, usimwite. Soma gazeti lako." Nikakaa nusu saa nzima sikusikia hata akijigeuza. Nikaondoka nimeacha dagaa wachache sakafuni. Jumamosi iliyofuata nikarudi, hivyohivyo. Jumamosi ya tatu nikiwa ukurasa wa michezo nikasikia kitu cha baridi, chenye unyevu, kwenye kiwiko. Ilikuwa pua. Ikagusa, ikaondoka. Ikarudi, ikakaa. Sikugeuka, dada, lakini machozi yalinilenga.

Ninachotaka mumeo akielewe ni hiki: mbwa aliye ndani ya kizimba bado hamjamwona. Pale kuna kelele kutwa, harufu za mbwa thelathini, wageni wanaokuja na kuondoka. Mwingine akizidiwa hubweka na kuruka, mwingine hujifunga kama kobe. Mbwa hujifunza binadamu ni kitu gani akiwa na wiki tatu hadi kumi na nne hivi, na ukikuta katika wiki hizo binadamu alikuwa jiwe na fimbo, hilo linamkaa. Linalainika, lakini kwa mwendo wake mwenyewe. Huyo wenu msimhukumu kwa dakika kumi za Jumapili mchana. Nendeni jioni baada ya chakula, pakiwa pametulia. Na muulizeni anayewalisha, maana ndiye anayemjua kuliko yeyote: anafanyaje wageni wakiondoka? Anacheza na wenzake? Ukisogeza mkono kwenye bakuli lake anafanyaje? Amewahi kumtolea mtu meno, hasa mtoto?

Hilo la mwisho msilirukie. Mbwa anayerudi nyuma kwa woga na mbwa anayekunja pua na kukaza mwili mtoto akipita si sawa. Wa kwanza anahitaji muda. Wa pili, kama una watoto wadogo nyumbani, mwache achukuliwe na mtu asiye na watoto. Nasema hivi kwa kumpenda mbwa pia, kwa sababu akishamng'ata mtoto hakuna atakayemtetea.

Kuhusu kulinda. Ndugu zangu, huku kwetu tumezoeshana kwamba mbwa mkali hutengenezwa: mfungie kutwa kwenye banda la bati, mpe pilipili, mnyime chakula. Unachopata hapo ni mnyama aliyechanganyikiwa, anayeweza kumrukia fundi bomba, mtoto wa jirani na wewe mwenyewe. Kaniki hajawahi kufundishwa ukali. Anajua mwendo wa kila mtu wa nyumba hii. Anajua mlio wa pikipiki ya kijana wa maziwa. Ukisikia anabweka saa nane usiku kwa sauti ile ya chini, nzito, ujue kweli kuna mtu. Mwaka juzi wezi waliingia nyumba tatu za mtaani kwetu, kwangu hawakufika ukutani. Mbwa anayelala vizuri na kula vizuri ndiye anayesikia vizuri.

Siku za mwanzo ndizo ngumu, na hapa mimi nilikosea vibaya. Nilimleta Ijumaa, nikawaita jirani waje wamwone, watoto wakamzunguka kwa furaha. Akaingia nyuma ya simtanki hakutoka mpaka usiku wa manane. Msichana wetu wa kazi alipoinua fagio asubuhi, yeye akajikojolea palepale. Ndipo nikajua fagio lilikuwa na maana gani kwake. Siku ya nne kijana wa bodaboda alileta mtungi wa gesi, geti likaachwa wazi kidogo, Kaniki akapenya akatoweka.

Tulimtafuta siku mbili. Nilimwona jioni ya pili kwenye dampo, yuko na mbwa wengine wanne. Nilipomwita akakimbia mbali zaidi. Nikakumbuka kwamba kila jioni nilikuwa nagonga kijiko kwenye mfuniko wa sufuria kabla ya kumwekea chakula. Nikarudi nyumbani, nikachukua kijiko na mfuniko, nikakaa kando ya barabara nagonga kama mwendawazimu huku watu wakinitazama. Giza lilipoingia akaja, anatembea tumbo likigusa chini, akasimama mita mbili kutoka kwangu. Tukaongozana hivyohivyo mpaka nyumbani, mimi mbele nagonga, yeye nyuma.

Kwa hiyo wewe fanya hivi: wiki tatu za kwanza asiwepo mgeni. Mchagulieni kona moja, gunia kavu, mahali penye kivuli ambapo hakuna anayemfuata. Mtoto asimwendee pale, asubiri mbwa aje mwenyewe. Geti lifungwe na mtu mzima, kila mara. Chakula saa zilezile, na mlio uleule. Wengi waliozoea mbwa wa kuokotwa husema siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Kwangu ilichukua miezi minane mpaka siku aliyolala chali mbele yangu, tumbo juu, kinywa wazi.

Chakula ni hikihiki cha kwetu: dona, dagaa, utumbo, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miba. Vitunguu msimtilie, na mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe kabisa, hupasuka vipande vyenye ncha. Lakini ninalosisitiza ni unga. Kuna tabia ya kusema mahindi haya yameota kuvu, basi tuwasagie mbwa. Sumukuvu inaua mbwa. Inamla ini, anaacha kula, macho na fizi vinageuka njano, basi. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao usimpe mbwa.

Mama mkwe. Hapa nazungumza kwa adabu kwa kuwa mimi ni Mkristo. Jirani yangu wa ukuta ni mzee wa Kiislamu, naye mate ya mbwa ni najisi kwake, akiguswa nguo lazima aitoharishe kabla ya kuswali. Tulikaa tukaongea kabla sijamleta Kaniki. Banda nikaliweka upande wa pili, mbali na anapopita kwenda msikitini, na kumwachia mbwa huru ni baada ya Isha. Siku moja namkuta mzee anamimina maji kwenye kopo lililo nje ya ukuta wangu, juani. Akanisimulia kisa cha mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akasema, "Kujitoharisha ni kwangu, kiu ni yake." Kaeni na mama, mumweleze atakaa wapi, ataingia wapi na wapi hataingia, na neno lake liheshimiwe. Ukimletea mbwa bila kumuuliza umemkosea yeye na mbwa pia.

Kituo wakiwauliza maswali mengi msikasirike. Kwangu walikuja kuona ukuta, wakauliza nani yupo nyumbani mchana, wakanisainisha karatasi. Pesa niliyotoa ilikuwa ya chanjo na kumhasi. Kama wenu ni jike na hajafungwa kizazi, mfungeni, maana mimba yake ni siku kama sitini na tatu tu na uzao mmoja unaweza kuwa wa sita au wanane, na hao ndio wanaorudi kujaza vizimba.

Kadi ishikeni mkononi siku hiyohiyo, itazameni mstari wa kichaa cha mbwa. Chanjo yake ya kwanza ni miezi mitatu, kisha ni kila mwaka. Karibu na 28 Septemba, siku ya dunia ya ugonjwa huo, sehemu nyingi huwa wanachanja bure, sikilizeni matangazo ya kata. Na wafundisheni watoto: wakiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, wa kwenu au wa njiani, waseme papo hapo bila kuogopa kuchapwa. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa ule dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Jumamosi nenda na mumeo, watoto wabaki. Akae yeye humo ndani, ampe mgongo, achukue na gazeti. Siku mkimchukua, siku ya kwanza msimpakie bodaboda, tafuteni gari, na mbebeni na kitambaa alichokuwa analalia kituoni bila kukifua. Ukishajua ana umri gani hasa na chanjo zipi zimebaki, andika hapahapa. Mimi huingia usiku nikitoka kazini.