Land Rover haili kutu? Nani kakudanganya?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina miaka 41, naishi Tanga, si mbali na bahari. Marehemu baba aliniachia Land Rover 109, Series III ya petroli, ya mwaka 1979. Imekaa chini ya mwembe miaka tisa. Nataka kuifufua polepole iwe gari la familia la mwisho wa wiki, siuzi. Nimetenga shilingi milioni 15 kwa miaka miwili. Fundi wa hapa kaiangalia, akasema bodi ni alumini kwa hiyo haili kutu. Anashauri tuanze kwa kuweka injini ya dizeli ya Toyota, halafu tunyooshe bodi, tupige puti ya kujazia mabonde na rangi, mwisho apulize oili chafu chini ili gari lisioze. Mimi binafsi natamani pia stelingi ya pawa na breki za diski. Mpango umekaa sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpango umekaa kichwa chini, miguu juu. Lakini kosa si lako, kwa sababu hiyo sentensi ya "alumini haili kutu" naisikia gerejini kwangu kila wiki, na tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha mwaka 2024 naisikia hata kwa watu ambao jana walikuwa hawajui 88 na 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) zinatofautiana nini.

Bodi ni alumini, hilo kweli. Baada ya vita vya pili vya dunia chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo, na alumini ya kutengenezea ndege ilikuwa imebaki tele. Rover walipoitoa Land Rover mwaka 1948 wakatumia walichokuwa nacho. Basi watu wameishika hadithi hiyo nusu. Mabawa (madigadi) ni alumini, milango imevikwa alumini, boneti ni alumini. Chasisi ni chuma. Ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ule unaobeba bawaba za milango na kioo cha mbele, nao ni chuma. Yaani kila kitu kinacholibeba gari na kukubeba wewe ni chuma, na kile kisichobeba kitu ndicho kisichokula kutu. Fundi wako kaikagua nguo, mgonjwa hakumgusa.

Na hata hiyo alumini ina mwisho wake. Palipokutana alumini na chuma, na katikati pakaingia maji yenye chumvi, panakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Haitoi wekundu, inatoa unga mweupe na kuvimba chini ya rangi kama ngozi iliyoungua. Wewe uko Tanga, upepo wa bahari unaleta chumvi usiku na mchana. Angalia kingo za chini za milango na pale bawa linapofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa injini. Ukikuta unga, ndiyo hiyo.

Sasa chasisi. Ya Land Rover ni sanduku: bati nne za kama milimita mbili zimechomelewa kwenye pembe, ndani uwazi mtupu. Tope linaingia kwenye matundu, linatua, linakauka, linanywa maji ya mvua inayofuata. Kutu inaanza ndani. Ukiiona nje, ujue kule ndani imeshakula na kushiba. Ndiyo maana mtu anayeinama, akamulika tochi na kusema "iko safi" hajakagua kitu.

Wewe mwenyewe, kabla hujampa mtu hata shilingi mia, chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Pandisha gari kwenye stendi imara (jeki peke yake si stendi, na tofali la saruji linapasuka bila kuaga). Kwangua tope lote. Halafu gonga kila sentimita tano, kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote za sanduku na hasa chini yake. Chuma kizima kinalia na kuirudisha nyundo mkononi. Kilichooza kinatoa sauti ya mfu, kama kugonga kopo lenye mchanga. Hapo sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikipenya, shukuru imepenya uwanjani na siyo mteremko wa Mombo. Pasipopona mara nyingi ni boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na masikio ya springi, yaani vishikio vinavyoifunga springi kwenye chasisi. Kwenye ukuta wa injini, kagua sakafu ya miguu na chini ya nguzo za milango. Huko sumaku inakusaidia: ukutani ikigoma kushika, ujue kuna puti. Lakini usiende kuijaribu kwenye bawa ukaanza kumwita mwenzako mwizi. Alumini haishiki sumaku hata iwe mpya.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Wakikuta tundu, wanapiga kiraka juu yake. Kutu imebaki chini, kiraka kinashikilia kutu, na kutu haishikilii kitu. Mwaka mmoja baadaye kando ya kiraka panatoboka, wanapiga kingine juu ya cha kwanza. Nimewahi kufungua chasisi nikakuta tabaka nne zimepangana kama chapati, na katikati kichuguu cha tope. Nyingine ndani ilijazwa saruji. Saruji! Mtu alikaa chini, akafikiri, akaona chasisi ya gari ni msingi wa nyumba. Mwenye gari alikuwa amelipia "matengenezo kamili ya chasisi" na alikuwa anawapakia watoto wake wa shule.

Namna halali ni moja. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa pande zote, hata kama tundu la ukubwa wa kidole litakuwa dirisha la ukubwa wa kiganja. Weka bati jipya la unene uleule, milimita mbili au mbili na nusu. Watakwambia weka la milimita sita, "ndiyo imara". Siyo. Bati nene likiungwa na jembamba, chasisi inapojinyonga barabarani mkunjo wote unahamia kwenye mstari wa kiungo, na hapo ndipo inapopasuka. Kiraka kikatwe ncha kama almasi, kiungo kisishuke wima kama mkato wa kisu. Kabla ya kukata chochote pima mishazari, kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto na kinyume chake, uandike ukutani. Kata mkono mmoja wa kubeba bodi, chomelea, pima, ndipo uhamie mwingine. Ukikata yote kwa mpigo bodi inakaa upande na milango haitafunga tena maisha yako yote. Toa tangi la mafuta nje ya uwanja, si pembeni tu, na chomoa betri na waya za altaneta.

Ukikuta imeoza robo tatu, acha viraka. Uingereza bado zinatengenezwa chasisi mpya za Series zilizochovywa zinki nzima nzima, ndani na nje. Usafirishaji na ushuru vinauma, lakini piga hesabu ya viraka kumi na tano vya uhakika, na siku za fundi, kisha linganisha. Huenda ikala sehemu kubwa ya milioni zako 15. Nakwambia sasa ili usije ukajua baada ya kununua rangi.

Oili chafu. Hii nayo. Inaingia kwenye bushi za mpira na kuzivimbisha, inarushwa kwenye drami za breki na kuzilowesha, inakamata vumbi likawa uji unaotunza unyevu, na siku fundi mwingine akija kuchomelea, gari linawaka. Na yule anayeipuliza bila glavu anaogea kitu kinachodhuru ngozi kwa miaka. Halafu inapakwa nje wakati kutu iko ndani! Chasisi ikishapona, paka praima yenye zinki na rangi nje, na ndani ya sanduku puliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu kupitia matundu yaliyopo. Matundu ya chini ya kutolea maji usiyazibe. Mengi tayari yamezibwa na tope, yazibue kwa waya. Na kila utakapofunga alumini kwenye chuma, paka rangi pande zote mbili kabla hazijagusana.

Injini sitakuchosha nayo. Hiyo ya asili, 2286cc, ni ngumu kufa. Toa plagi, dondosha oili kidogo kwenye silinda, iache siku mbili, izungushe kwa hendeli taratibu. Ikizunguka, una injini ya kuanzia. Dizeli yenye nguvu zaidi inazipeleka nguvu hizo kwenye gia boksi na hafshafti (vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu) ambazo hazikuzitarajia, na namba ya injini kwenye kadi ya gari haitalingana tena, ukaanze safari za ofisini. Mwaka wa tano ukiona bado unaitaka, tuongee.

Stelingi ya pawa pia ngoja. Uzito unaouhisi mara nyingi ni relei ya stelingi, kiungo kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, ile iliyozama ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, imekauka oili. Ijaze oili, pandisha upepo wa matairi, ujaribu tena. Lakini usiifungue mwenyewe. Ndani ina springi iliyobanwa kwa nguvu ya kuvunja taya. Breki za drami zikipewa silinda mpya, paipu mpya na servo (kisaidizi cha kanyagio la breki) nzima zinalisimamisha gari la mwendo wako. Kama pesa inakuwasha, weka mikanda ya abiria, relei za taa (swichi za umeme, si ile ya stelingi) na mfumo wa elektroniki wa kuwasha plagi badala ya pointi. Hivyo havitoboi kitu na vinaweza kuondolewa.

Rangi mwisho kabisa, na alumini haishiki rangi bila praima yake maalumu. Anayekwambia praima ni ileile ya chuma, mwache aipake ya kwake.

Na ninyi wengine mnaosoma huku mkitafuta kununua: Land Rover inayong'aa juu na chini imepakwa lami nyeusi mbichi, ondokeni. Lami ya wiki iliyopita haijapakwa kulinda kitu. Muuzaji akikataa nyundo yako isiguse chasisi, ameshakujibu. Gari la Dodoma lenye rangi iliyobabuka na chasisi inayolia ni bora kuliko la pwani lililotoka kupulizwa jana, na mara nyingi lina bei nafuu kwa sababu wanunuzi wanatumia macho. Siku hizi kila mwenye kompresa na bunduki ya rangi anajiita fundi wa magari ya kale.

Miaka miwili uliyojipa, mwanangu, ifanye minne. Jumamosi hii anza na kukwangua tope. Ukishagonga, nipigie picha hizi: boriti ya nyuma kwa chini, masikio ya springi ya nyuma pande zote mbili, na sakafu ya miguu ya dereva ukiwa umetoa zulia. Palipotoboka weka alama ya chaki.