Kulala Vizuri kwenye Joto la Dar: Panga Jioni Kuanzia Saa ya Kuamka

Ushauri mwingi wa usingizi unaosambaa mitandaoni uliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Unaambiwa chumba kiwe na nyuzijoto 18, madirisha yafungwe, mapazia yawe mazito. Mtu wa Mbagala au Tandika anayejilaza mwezi wa pili chumba kikiwa na nyuzi 29 hana la kufanya na maneno hayo. Makala hii inahusu jioni ya Dar es Salaam, na mengi yake yanafaa pia Tanga, Zanzibar na Mombasa. Inamhusu mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeshaingia, na anayetaka kesho afanye kazi kwa akili iliyotulia badala ya kusinzia kwenye daladala na tena mezani.

Hesabu ianze na saa ya kuamka, kwa sababu hiyo huna hiari nayo. Kama lazima uwe kituoni saa kumi na moja na robo alfajiri, utaamka saa kumi na nusu upende usipende. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi. Rudi nyuma saa saba, ongeza nusu saa ya kutafuta usingizi na kugeukageuka, utakuta saa tatu kamili usiku unatakiwa uwe umeshajilaza. Mengine yanajipanga kutokea hapo: kuoga saa mbili, kula mapema kadiri inavyowezekana, na chai ya mwisho saa saba mchana.

Kwa wengi hesabu hii inagoma, maana foleni inawafikisha nyumbani saa mbili na nusu. Usijiambie kwamba utazoea usingizi wa saa tano tu kwa usiku. Baada ya wiki kadhaa mtu huacha kuhisi uchovu wake, lakini makosa kazini na usahaulifu huendelea kuongezeka. Ukikosa usiku, tafuta dakika 20 za mchana, kabla ya saa tisa. Zikizidi 30 unaingia kwenye usingizi mzito, unaamka kichwa kizito, na usiku usingizi unachelewa.

Saa ya kuamka ibaki ileile hata Jumapili, au isogee saa moja tu. Aliyelala hadi saa tatu asubuhi siku ya mapumziko hukaa macho Jumapili usiku, na Jumatatu yake inaharibika kabla haijaanza. Jua likishatoka, kaa nje dakika 10 au 15, hata kama ni kusubiri gari. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya ubongo siku imeanza lini, na hivyo usiku uanze lini.

Joto, chandarua na godoro

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, kwa kadirio la nyuzi 1 kati ya jioni na usiku wa manane. Mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa viganja na nyayo. Pwani tatizo ni unyevu: jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Ndiyo maana kutundika kanga mbichi dirishani, jambo linalosaidia kwenye hewa kavu ya Dodoma, Dar huongeza unyevu tu chumbani.

Watu hulaumu bati, lakini bati ni jembamba na hupoa upesi jua likizama. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa na jua tangu saa nane mchana ndio unaoendelea kutoa joto kwa saa nyingi. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi saa mbili usiku, utahisi mwenyewe. Kitanda kisiegemee ukuta huo. Kisogeze angalau nusu mita. Mchana pazia la upande huo lishushwe, na jua likizama fungua madirisha yenye wavu wa mbu pande zote mbili za nyumba ili hewa ipite. Nusu saa kabla ya kulala geuza feni itazame nje dirishani, na mlango au dirisha la pili likiwa wazi. Inasukuma nje hewa ya moto na kuvuta ya nje iliyopoa. Baada ya hapo igeuze ikuelekee wewe. Feni haipoozi chumba, hupooza ngozi yenye unyevu, kwa hiyo kuiacha ikizunguka chumba kikiwa kitupu, madirisha yamefungwa, ni kumaliza uniti bure.

Kuna wanaovua chandarua msimu wa joto ili wapate upepo. Msifanye hivyo. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati hasa usingizi umekolea. Upepo unaweza kupatikana chandarua kikiwapo. Feni ya dari inapoteza nguvu nyingi kwa sababu inapuliza juu ya paa la chandarua, ambalo mara nyingi limekunjamana na kujaa vumbi. Feni ya kusimama, ikishushwa hadi usawa wa godoro na kuwekwa kama mita moja upande wa miguu, inapitisha upepo kwenye tabaka moja tu la wavu ulionyooka. Chandarua cha pembe nne kinafaa kuliko cha duara, kwa kuwa pande zake zinaning'inia wima na haziangukii mwili. Wavu ukigusa ngozi, mbu anauma akiwa nje. Kifue kikijaa vumbi, maana vumbi huziba vitundu: maji ya baridi, sabuni ya kawaida isiyo kali, bila Jiki, kisha kianikwe kivulini kwa sababu jua huharibu dawa. Vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu vimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi, kwa hiyo usikifue kila wiki.

Halafu angalia godoro. Nyumba nyingi huliacha na nailoni yake ya dukani ili lisichafuke. Nailoni hiyo hairuhusu jasho kupita, na mgongo hulowa usiku kucha. Itoe, weka shuka mbili za pamba na ufue ya juu mara kwa mara. Shuka za poliesta zinang'aa na hazikunjamani, lakini hazinyonyi jasho. Cha kujifunika, kanga au kikoi cha pamba kinatosha.

Kuhusu kuoga, wengi hupenda maji ya baridi sana dakika za mwisho. Yanaburudisha kwa muda mfupi, lakini mishipa ya ngozi hujibana na joto la ndani hubaki ndani. Maji ya uvuguvugu, kwa dakika 10 hivi, saa moja au mbili kabla ya kulala, hupanua mishipa ya mikono na miguu, na joto hutoka baadaye taratibu. Kwa bahati nzuri, tangi la plastiki lililokaa juani mchana kutwa linakupa maji hayo bila kuchemsha. Usijifute hadi ukauke kabisa. Kaa mbele ya feni.

Na LUKU iangaliwe saa moja jioni, si wakati wa kulala. Feni ikizima saa nane usiku kwa kuishiwa uniti, umeshaamka kwa jasho na umeshashika simu kununua umeme, na kurudi usingizini ni kazi mpya.

(Neno moja kwa wasomaji wa Njombe, Makete au Limuru, ambako tatizo ni baridi: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata likionekana limebaki majivu. Gesi yake haina harufu, na inaua watu waliolala.)

Chai, kahawa na chakula

Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kukuletea uzito wa usingizi. Kafeini hukaa mahali pake na kuizuia isifanye kazi. Uchovu haujaondoka, umefichwa tu. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini, na kwa mama mjamzito au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaa muda mrefu zaidi. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina miligramu 80 hivi. Ukilinywa saa kumi jioni ili umalizie kazi, saa tatu usiku unazo kama 40, sawa na kunywa kikombe cha chai ukiwa umeshapanda kitandani. Wapo wanaolala hata hivyo na kudai kafeini haiwaathiri. Kinachopungua kwao ni usingizi mzito, na asubuhi huhitaji kikombe kingine ili waanze.

Kahawa chungu ya barazani inastahili kutajwa peke yake. Kikombe ni kidogo, lakini kahawa ni nzito, na baada ya Magharibi mtu hunywa vitatu au vinne huku akitafuna kashata. Baraza lina thamani yake na simshauri mtu aliache. Agiza mchaichai au tangawizi, mradi isitiwe majani ya chai, maana ikitiwa majani unarudi palepale.

Mirungi ni kichangamsho kikali kuliko chai; aliyetafuna jioni asitegemee usiku. Pombe humfanya mtu asinzie upesi, kisha inapoisha mwilini nusu ya pili ya usiku inakatikakatika, na kwenda haja ndogo kunaongeza.

Ugali mkubwa na maharage saa tatu usiku, kisha kulala saa tatu na nusu, huleta kiungulia kwa sababu asidi hupanda mtu akiwa chali na tumbo limejaa. Inayofaa ni saa mbili au tatu kati ya chakula na kitanda. Anayechelewa kufika afanye mlo mkubwa uwe wa mchana, na usiku ale kidogo mara tu anapoingia, kabla ya kuoga: ndizi za kupika, wali kiasi na samaki, au uji. Kiungulia kikiwepo, lalia ubavu wa kushoto.

Taa, simu na mpira

Mtu akinunua taa aangalie namba kwenye boksi. Zile nyeupe za 6500K zinafaa jikoni na dukani. Chumbani weka za njano, 2700K au 3000K, na saa moja kabla ya kulala zima taa kubwa. Simu ina mwanga mdogo kuliko taa ya dari. Madhara yake makubwa ni yale yaliyomo: ujumbe wa bosi, magomvi ya kundi la WhatsApp, video fupi zisizo na mwisho. Ichaji sebuleni, na kengele ya kuamka iwe ya saa ya mezani. Kama familia nzima iko chumba kimoja, simu ikae juu ya kabati, mbali kiasi kwamba lazima usimame kuifikia.

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa tano usiku kwa saa zetu wakati wa baridi ya Ulaya, saa nne wakisogeza saa zao mbele, na huisha karibu saa saba, au saa sita zile za saa nne. Kwa anayeamka saa kumi na nusu, huo ni usiku uliokwisha. Ukiamua kutazama, chagua mechi moja, amka saa ileile, lala dakika 20 mchana, na usifidie kwa kahawa ya alasiri.

Karatasi ya kesho

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio la watu 57. Walioandika kwa dakika tano mambo ya kufanya siku zijazo walisinzia mapema kwa kama dakika tisa kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mahususi zaidi, ndivyo usingizi ulivyowahi. Tumia daftari, si simu. “Mambo ya ujenzi” haisaidii, andika “kumpigia fundi kuhusu bei ya mabati, namba iko kwenye risiti.” Weka alama kwenye kazi utakayoianza ukikaa tu mezani, ili asubuhi isipotee kwenye kuamua. Nguo zipigwe pasi, ndoo zijazwe maji, nauli na kitambulisho viwe ndani ya mkoba.

Lakini katika nyumba nyingi anayefanya hayo yote ni mama, wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Hakuna feni wala daftari litakalomsaidia mtu anayeosha vyombo saa tano usiku. Baba na watoto wakubwa waoshe vyombo, na sare za shule zipigwe pasi Jumapili kwa wiki nzima.

Ukijilaza na usingizi usije kwa makadirio ya dakika 20, toka kitandani bila kutazama saa. Kaa kwenye kiti au mkeka, taa hafifu, soma kitu tulivu au leta uradi, urudi macho yakiwa mazito. Ukibaki kitandani ukihangaika, mwili hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaikia.

Usikimbilie Piriton. Ni dawa ya mzio, usingizi wake ni athari ya pembeni, na uzito huendelea kesho yake hadi mchana. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ikitumiwa bila daktari huleta utegemezi. Ikiwa shida imekupata usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, au wenzako wanasema unakoroma, unakata pumzi kisha unashtuka, nenda hospitali. Kabla ya kwenda, andika kwa wiki mbili saa uliyolala, uliyoamka, ulichokunywa baada ya mchana na mara ulizoamka usiku, umkabidhi daktari karatasi hiyo.