Kwa dada wa Nakuru: mfuteni mgeni wa heshima kabla ya kuchapisha tisheti

Dada, futa huyo mgeni wa heshima. Mfute leo, mambo ya tisheti yatafuata.

Nimesoma swali lako zaidi ya mara moja nikitumaini nimelielewa vibaya. Makanisa, msikiti na hekalu la Wahindu hapo Nakuru mmeungana kutetea familia za mitaani zisiwe zinabebwa na malori ya askari kama takataka. Safi kabisa. Halafu mpango wenyewe: ukumbi wa hoteli, tisheti za rangi moja, hashitegi, na mheshimiwa wa kuzindua, "kwa sababu bila yeye kamera haziji". Hayo maneno ya mwisho si yako. Yana harufu ya mshauri wa mawasiliano. Hata sisi tulikuwa na wetu.

Sisi tuko Kisumu, na tuliungana kwa ajili ya maiti zinazozuiliwa mochari kwa sababu ya bili. Hili halichagui dini. Mwislamu anataka kuzika siku hiyohiyo, Mjaluo anataka mwili ufike dala ulale nyumbani kabla ya kuzikwa, Mhindu anataka kuchoma maiti mapema, na wote wanakutana kwenye dirisha lilelile la keshia. Ndiyo maana padre, imamu, pasta wa Kipentekoste, wazee wa kanisa la Legio Maria na mzee wa gurudwara, hekalu la Masingasinga, walikubali kukaa meza moja, watu ambao kwa kawaida hukutana tu siku ya Madaraka wakiitwa kufungua sherehe kwa maombi.

Basi akaja bwana mshauri kutoka Nairobi, viatu vya ncha, akatuambia kamera hufuata bendera ya gari la mkubwa. Maneno hayo tuliyalipia, tena pesa za sadaka. Siku akachagua yeye: Ijumaa, eti habari ziingie wikendi zikiwa moto. Ijumaa, kwenye shughuli yenye imamu. Na sisi wote na Biblia zetu tukaitikia ndiyo.

Kadi ilisema saa tatu asubuhi. Mheshimiwa alifika chakula cha mchana kimeshapoa na imamu ameshaondoka kwenda msikitini na watu wake, kwa hiyo picha ya "dini zote" ilikuwa na kiti kitupu katikati. Kisha ikaanza itifaki. Kama hujawahi kuiona kwa karibu, nikuchoree. MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, anaitwa kusalimia watu, dakika mbili tu. Anasalimia robo saa, halafu anasema hawezi kuketi kabla hajamwita mwenzake naye asalimie. Mwenzake anamwita mkubwa wake, mkubwa anamwita mkubwa zaidi, na kila mmoja anasema hakuja kupiga siasa.

Wakati huo wote alikuwepo mama mmoja wa Nyalenda ambaye kwa mujibu wa ratiba yetu alipaswa kuongea mara tu baada ya maombi. Mume wake alikuwa bado mochari, na deni linazidi kupanda kwa kuwa hata siku za kulaza mwili zinatozwa. Alikuwa na karatasi ya bili kwenye mkoba. Kila MC akigonga maiki anaitoa na kuinyoosha mapajani, akisikia limeitwa jina lingine anaikunja tena. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Hakuongea hata neno moja siku hiyo.

Mheshimiwa aliongea. Alimrarua mpinzani wake, akazungumzia barabara, akashukuru "viongozi wa dini kwa kusimama nasi". Mwishowe akamwita mama mbele, akamshika mkono na kutangaza kwamba bili hiyo ni yake sasa. Vigelegele, picha, gari likaondoka na vumbi lake. Jioni kwenye televisheni tuliona kijembe chake kwa mpinzani, na bango letu nyuma yake likionyesha herufi tatu za mwanzo. Mochari haikutajwa.

Bili? Msaidizi wake alipokea simu mara ya kwanza, baada ya hapo ni mteja hapatikani. Na mama alikuwa ameshawatumia wakwe habari kwamba Jumamosi wanazika. Watu walikuwa wameanza kusafiri, dada. Tulifanya mchango wetu wenyewe hadi mwili ukatoka, lakini si Jumamosi hiyo, na maneno aliyoyasikia kwa wakwe zake siwezi kuyaandika hapa. Sisi ndio tuliomleta pale.

Kisha ikaja ile bili yetu sisi. Wafuasi wa yule aliyeraruliwa wanasali kwetu pia. Jumapili wakauliza tumepewa ngapi. Makanisa mawili yakajiondoa kimyakimya. Ofisa wa afya wa kaunti aliyekuwa ameanza kutusikiliza, naye ni wa upande ule mwingine, akaacha kushika simu zetu. Tulitaka kuonekana, tukaonekana.

Na bwana mshauri? Alitutumia ripoti. Chini ya "mafanikio" aliandika kwamba vituo vya televisheni vilihudhuria, na jaladani akaweka picha ya mama ameshikwa mkono. Ankara ilikuwa ukurasa unaofuata. Nilipompigia akaniambia lengo lilikuwa mwonekano na mwonekano umepatikana. Kama ndiye huyohuyo mliyempata huko Nakuru, msalimieni, mwambieni viatu bado tunavikumbuka.

Kwa hiyo sheria yetu sasa ni moja, na imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: aliyeumia anashika maiki wa kwanza, mwanasiasa haishiki kabisa. Akitaka kuja, aje, akae, asikilize, anywe soda. Usiniambie haiwezekani kwa utamaduni wetu. Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno anawekwa wakfu kuwa askofu, Raila na Mudavadi walikuwa ndani ya kanisa, na Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson Ole Sapit akawaambia wanasiasa waziwazi kwamba hawatapewa nafasi ya kuhutubia. Dunia haikuanguka. Tena habari iliyotawala baadaye ilikuwa hiyo ya kuwanyima maiki, na hakuna aliyehitaji kulipwa kuitangaza.

Nyinyi wa Nakuru mnajua hili kuliko mimi. Mwaka 2019 watoto wa mitaani walipobebwa usiku kutoka mji wenu na kuachwa msitu wa Chemususu kule Baringo, nchi nzima ilisikia hadi Seneti ikachunguza. Kwani kulikuwa na uzinduzi? Walisikika watoto wenyewe wakisimulia. Mtafuteni mmoja wa hao, siku hizi ni kijana mkubwa. Akikubali kuongea, muulizeni kwanza kama anataka sura yake ionekane, na mkae naye kabla na baada. Waandishi wa mashinani wengi wanalipwa kwa habari inayochapishwa. Mpe mwandishi mtu mwenye jambo lake, karatasi ya kushika na mahali pa kupiga picha, kabla ya saa tano asubuhi, atakuja kwa boda bila kungoja bendera yoyote.

Sisi tulipoanza upya tulienda redioni, kipindi cha Kijaluo cha asubuhi. Mama yuleyule, kwa hiari yake, akasoma bili yake hewani mstari kwa mstari. Imamu na padre walikuwa studioni na kazi yao ilikuwa kunyamaza mpaka amalize. Kisha padre akataja uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2015, ambapo Jaji Mumbi Ngugi alisema kuwazuilia akina mama hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa ajili ya bili ni kinyume cha Katiba. Hao walikuwa wazima, sisi tulikuwa tunaulizia wafu. Simu zilizoingia hazikuisha hadi kipindi kikaisha. Wiki hiyo tangazo moja, maneno yaleyale, lilisomwa msikitini Ijumaa, kwa Wasabato Jumamosi na makanisani Jumapili, na kutoka hapo tukakusanya saini za petisheni kwa bunge la kaunti, haki iliyomo kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Yule ofisa wa afya akapiga simu mwenyewe.

Uliuliza pia kuhusu kibali cha matembezi. Hakuna kibali. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Mnachopeleka ni notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri. Maswali yako ya usajili na hashitegi wajibu wengine, sina nguvu.

Barua ya kumfuta mheshimiwa iandikeni fupi, itiwe saini na viongozi wote wa dini pamoja, asipate wa kumpigia simu pembeni. Na kama kadi zimeshachapishwa zenye jina lake, chapisheni nyingine. Najua bei ya kuchapa hapo mjini. Bado ni nafuu.